Bonde la Upande wa Kushoto

Kochi la zamani likifunguliwa hutoa harufu kabla hata vumbi halijapanda. Ni harufu ya usumba wa nazi uliokaa gizani miaka mingi, ya singa za farasi, ya gundi iliyopikwa, na juu ya hayo yote harufu ya nyumba lilikotoka: bizari, ubani, tumbaku, mbwa. Mimi nilikulia ndani ya harufu hizo, katika nyumba ya baraza la jiji kule Woodley, Nairobi, na hadi leo nikiingia nyumbani kwa mtu, pua yangu hunitangulia kwenye viti. Sebule yetu ilijaa viti na hakuna hata kimoja kilichokuwa chetu. Mama yangu alikuwa fundi wa makochi. Viti viliingia matumbo yakiwa nje, vikakaa kwetu wiki mbili tatu, vikaondoka vikiwa vimependeza, na vingine vikashika nafasi yao. Sisi wenyewe tulikula tukiwa tumekalia ndoo zilizopinduliwa. Baba alikuwa amehamishiwa Eldoret kikazi, na alipokuja mwisho wa mwezi naye alionyeshwa ndoo yake. Amri ya nyumba ilikuwa moja tu, kwamba kiti cha mteja hakikaliwi.

Amri hiyo haikuninyima usingizi, kwa kuwa mimi sikuwa mtu wa kukaa. Miguu yangu ilikuwa na mambo yake. Darasani niliichezesha chini ya dawati mpaka jirani yangu akalalamika kwamba anashindwa kuandika, na kila muhula mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba Nekesa ana akili ila hatulii. Mama aliniita kiguu na njia. Siku hizi nafikiri nyumba yenyewe ilichangia. Nilikuwa nikizoea kochi la rangi ya maziwa pale dirishani, nikalipa na jina, kisha nikirudi kutoka shuleni nakuta pengo, au kiti kingine cheusi chenye sura ya kununa. Hakuna kitu kilichobaki mahali pake zaidi ya mwezi. Kila nilichokipenda nilikipenda nikiwa na roho juu, nikisikiliza kama mkokoteni umefika langoni.

Mama alijifunza kazi mjini, karibu na River Road, katika karakana ya Kalasinga mmoja aliyeitwa Fundi Kirpal. Alitoka Bungoma akiwa msichana, akaajiriwa pale kufagia maranda, na alipoondoka miaka mingi baadaye alikuwa na mikono ya fundi na zana za mzee yule ndani ya kikapu: nyundo ya kichwa chembamba, sindano ndefu iliyopinda, chombo cha kuvutia mikanda ya katani, na bilauri moja nene ya kioo. Bilauri ilikuwa sehemu ya zana. Kila alipomaliza kujaza kiti, Fundi Kirpal aliijaza bilauri maji, akaiweka katikati ya kitako, kisha akainama kutazama. Maji yakilala upande mmoja hata kwa unene wa uzi, kiti kinafunguliwa na kazi inaanza upya. Mama aliibeba tabia hiyo hadi Woodley na akanifundisha nayo. Nikiwa na miaka tisa nilijua kuchambua usumba, unyuzi kwa unyuzi, mpaka donge lililoganda linasimama na kupumua tena. Nikiwa na miaka kumi nilishona gunia kwa sindano ile iliyopinda bila kujitoboa. Kwetu, kiti kilichobonyea kilikuwa aibu, na mwenye aibu alikuwa fundi.

Likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mkokoteni ulituletea viti viwili na kochi la watu wawili kutoka Hurlingham. Vilikuwa vya Mama Jayesh, mjane wa Kihindi aliyeishi peke yake ghorofa ya pili, mwanawe akiwa ng'ambo. Yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza wa Mama katika mtaa ule, na ndiye aliyemtaja kwa majirani mpaka Mama akawa na kazi mwaka mzima. Fremu zilikuwa za mvule, mikono yake imechongwa majani madogo, kazi ya Nairobi ya zamani. Mumewe, aliyekuwa akiuza vitambaa mjini, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kila jioni ya ndoa yao yeye alikaa kushoto mwa kochi lile akisikiliza redio, na mkewe akakaa kulia. Ubao wa mkono wa kushoto ulikuwa umeliwa na vidole vyake mpaka majani ya kuchongwa hayakuonekana tena. Na kitako cha upande ule kilikuwa na bonde.

Mimi sikuwepo siku Mama alipokwenda kuchukua vipimo. Maneno ya Mama Jayesh niliyasikia baadaye, Mama alipoyarudia mara nyingi kuliko nilivyotaka kuyasikia. "Mama Nekesa, kitambaa badilisha, mbao safisha, mikanda weka mpya. Lakini hapa mzee alikuwa nakaa. Hapa usiguse. Naelewa?" Mama alimwahidi kwamba ameelewa, na kwamba kochi litarudi na bonde lake. Ilikuwa ahadi ya ajabu kwa mwanafunzi wa Fundi Kirpal. Alilifungua kochi kutoka chini, akakata mikanda iliyooza na kufunga springi mpya, huku ule ujazo wa juu ameuzungushia kamba ili usisogee. Alifanya kazi ile akiwa ameuma mdomo. Lakini hakuwa mtu wa kueleza mambo kwa watoto. Mimi aliniambia maneno machache tu. "Nekesa, hii upande ya kushoto usiguse. Hata kidole."

Mwezi ule vifundo vya mikono yake vilikuwa vimevimba. Usiku alivifunga vitambaa vya maji moto, na asubuhi niliona anavyoishika nyundo kwa shida. Basi nilipotazama kochi lile likiwa limevaa marekani ya ndani tu, upande mmoja umejaa na mwingine umelala, niliamua mwenyewe kinachoendelea. Mama amechoka. Mama ameshindwa, na anaona haya kuniambia, na ananikataza nisiguse kwa sababu anadhani nitaharibu. Niliwaza hivyo kwa uchungu kabisa. Kwa Mama hakuna aliyewahi kuona bonde likitoka mlangoni.

Siku aliyokwenda mjini kutafuta kitambaa, ikiwa mara yake ya tatu kwa kuwa Mama Jayesh alitaka kijani kile kile cha zamani, nilibaki peke yangu na manyunyu ya Agosti dirishani. Nilipiga msasa miguu ya viti mpaka kazi ikaisha. Nikafagia. Nikalizunguka kochi. Nikaenda jikoni, nikarudi, nikalizunguka tena. Mwishowe nikajaza bilauri maji na kuiweka kushoto, na maji yakalala kiasi cha kutaka kumwagika. Sikuweza kuvumilia. Nilikata kamba, nikafumua marekani, nikazitoa singa zilizoshikana kama mkate mkavu. Nilizichambua zote. Niliongeza usumba mpya chini yake, nikazirudisha safu kwa safu nikipiga kwa kiganja, nikashona kingo kwa sindano iliyopinda, mishono mifupi ya kulingana. Ilinichukua hadi saa kumi. Niliweka tena bilauri, na maji yakatulia. Sijawahi kujivunia kitu maishani kama nilivyojivunia maji yale.

Mama aliingia na kitambaa chini ya kwapa. Nilimshika mkono nikamvuta hadi sebuleni, na bilauri bado ilikuwa pale. Alisimama. Aliiondoa, akaiweka sakafuni polepole, akapitisha kiganja chake kutoka kulia kwenda kushoto, akakirudisha. Aliketi sakafuni na viatu vyake vyenye matope, jambo asilolifanya kamwe.

"Umefanya kazi safi," alisema. "Hata mimi singeshona hivi." Kisha akafunika uso. "Na umenimaliza, Nekesa. Umenimaliza kabisa."

Ndipo aliponieleza, kwa mara ya kwanza, bonde lilikuwa la nani. Nilikimbilia kochi nikataka kuchomoa nilichoshona, nitoe usumba wangu na kurudisha singa zilivyokuwa, lakini Mama alinishika. Singa zikishachambuliwa haziikumbuki sura ya kwanza. Nilijua hilo, nilikuwa nimefundishwa hilo hilo kama sifa ya kazi yetu.

Mama hakunipiga, na ningependelea anipige. Siku mbili alihangaika na kochi. Alipunguza usumba, akamwagia maji, akapandisha gunia la mahindi na kuliacha usiku kucha. Asubuhi kitako kilikuwa na shimo la gunia. Ndipo siku ya tatu aliponitazama, nikiwa nimesimama mlangoni nikibadilisha miguu, akanipa mtungi wa maji niupakate ili niwe mzito. "Kaa," alisema. Nikamkumbusha kwamba kiti cha mteja hakikaliwi. "Kaa, nimesema."

Nilikaa wiki tatu. Kila siku baada ya chai ya asubuhi hadi mchana, na tena hadi jioni, mtungi mapajani, mgongo nyuma, mkono wa kushoto juu ya ule ubao ulioliwa. Siku za kwanza zilikuwa mateso ya kweli. Miguu iliniwasha kwa ndani. Wenzangu walikuja dirishani wakanicheka. "Niaje, Neki? Umekuwa guka, babu wa kukaa tu? Kuja tucheze!" Nililia kwa hasira, nikamchukia yule mzee nisiyemjua, nikamchukia na mkewe aliyetaka shimo badala ya kiti. Mama alipita na kazi zake bila kunitazama. Hata hivyo mwili ukishanyimwa kukimbia hutafuta la kufanya. Nilianza kusikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia katika nyumba ile: bati la jirani likinyooka jua likitoka, mama muuza maziwa akiita watoto kwa majina, sindano ya Mama ikiingia kitambaani na kutoka. Vidole vyangu vilipata kisehemu kwenye ubao palipokuwa laini kuliko kwingine, vikawa vinacheza pale. Siku moja niligundua kwamba vilikuwa vinapiga pale pale alipokuwa akipiga yule mzee. Nilishtuka nikauondoa mkono, halafu nikaurudisha.

Bonde lilitokea. Halikuwa kubwa, lakini lilionekana hata baada ya kitambaa cha kijani kuwambwa. Mama alilipitia kwa kiganja na kusema litatosha. Kisha akanionya nisifungue mdomo tukifika. Nilielewa kwamba tunakwenda kudanganya, sisi ambao hata sarafu iliyookotwa ndani ya kiti tuliifunga kwenye karatasi na kumrudishia mwenyewe. Mama naye alielewa. Tulifuata mkokoteni kwa miguu kutoka Woodley, tukaifuata Barabara ya Ngong hadi Hurlingham. Njia yote Mama alikuwa akijifunga leso kiunoni na kuifungua.

Mama Jayesh alikuwa mwanamke mdogo, mwenye sari nyeupe na miwani mizito. Alivikagua viti viwili, akavifurahia, akampa Mama pole kwa mikono yake iliyovimba. Alitutolea chai ya maziwa yenye iliki. Kochi liliwekwa chini ya dirisha, mahali pake. Alivua ndala, akakaa upande wa kulia, upande wake, akanyoosha sari. Halafu, bila kutazama, akaweka kiganja kwenye bonde la kushoto kama mtu anayetafuta mkono wa mwenzake. Kiganja kilikaa pale. Kikasogea kidogo mbele, kikarudi. Redio haikuwa imewashwa. Nilisikia kikombe cha Mama kikigonga kisahani.

"Hii nani?" aliuliza.

Mama alifungua mdomo. Nilijua atasema uongo, na nilijua hatajisamehe, na miguu yangu ikanibeba hadi mbele ya kochi kabla sijaamua.

"Ni mimi," nilisema. "Mama hakufanya chochote. Ni mimi nilijaza. Halafu nikakaa."

Alinitazama juu ya miwani, kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Wewe nakaa siku ngapi?"

"Wiki tatu."

"Yeye nakaa thelathini na moja mwaka," alisema. Hakupaza sauti. Aliutoa mkono bondeni, akaupangusa kwenye sari, akasimama. "Viti nabaki. Hii peleka. Hii siwezi angalia."

Mama alijaribu kusema yeye ndiye mwenye kosa, yeye ndiye aliyeahidi. Mama Jayesh aliinua kiganja kumnyamazisha, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Ule upole wake ndio uliotuumiza zaidi. Tukamwita mtu wa mkokoteni kabla hajafika mbali. Njiani Mama alinishika mkono, nami nikiwa mkubwa wa kutosha kuona haya kushikwa mkono barabarani, nikamwacha anishike.

Kochi lilirudi sebuleni likafunikwa shuka. Mama aliamini kwamba Mama Jayesh atabadilisha nia, na mpaka wakati huo lilikuwa la mteja. Hatukulikalia. Tuliendelea na ndoo zetu mbele ya kochi zima zuri, na wageni walituona wendawazimu. Kila mkokoteni uliopita langoni ulinifanya niruke dirishani, nikitaka uje kulichukua, nikiogopa usije ukalichukua. Hali hiyo ilidumu karibu miaka miwili. Nilikuwa kidato cha kwanza askari wa ghorofa ile alipofika kwetu na ujumbe. Mama Jayesh amekwenda kuishi kwa mwanawe. Ameacha neno moja, kwamba kochi tubaki nalo, na Mama Nekesa akae. Mama alimpa askari chai, akamsindikiza, akarudi, akalitoa shuka na kulikunja pembe kwa pembe. Akakaa kushoto. Alikaa wima, mikono magotini, kama yuko kwa mtu. Kisha pole pole mgongo wake ukaenda nyuma.

Miaka imepita mingi. Ghorofa ya Mama Jayesh ilibomolewa, pakasimama jengo la ofisi lenye vioo. Baba alistaafu akarudi kutoka Eldoret, akafariki akiwa nyumbani, na Mama akahamia Waithaka na lile kochi. Kando ya Barabara ya Ngong makochi mapya yamepangwa mpaka kwenye vumbi la barabara, makubwa, yamejazwa sponji, na watu huyabadilisha kabla hayajajua sura zao. Sisemi hayo kwa kujisifu. Mimi mwenyewe nimehama nyumba mara sita kabla ya kurudi kuishi na Mama, na kazi niliyoipata, kwa kejeli ya maisha, ni ya kukaa: saa nane kwa siku mbele ya kompyuta, juu ya kiti cha ofisi chenye magurudumu kinachoninyanyua na kunishusha nikibonyeza kidude. Nimekikalia miaka minne. Asubuhi nikikitazama hakina alama yoyote ya kwamba nipo. Miguu bado inacheza chini ya meza.

Mwaka huu kijani kilichakaa kabisa, nikachukua likizo nilivike kochi nguo mpya mwenyewe. Nililifungulia barazani, na harufu ikatoka, safari hii ikiwa ya kwetu: dawa ya kuchua ya Mama, chai, moshi wa makaa. Upande wa kushoto ulikuwa umebonyea sana, kwa upana na kwa kina, na umeinamia kidogo kulia kwa sababu ya nyonga mbovu ya Mama. Nilipitisha kiganja. Nililizungushia kamba lile bonde kwa uangalifu, nikaanza kufungua kutoka chini, nikiwa nimeuma mdomo.

Mama alikuja na fimbo yake akasimama nyuma yangu. "Hiyo kamba ni ya nini?"

Hakuhitaji jibu, alizijua kamba za namna hiyo.

"Toa," alisema. "Mimi bado niko, Nekesa. Na hilo shimo lako linaniua mgongo. Jaza."

Nilijaza. Nilichambua singa zile zile, na mikono ilikumbuka, ila haikuwa na haraka. Nililia kidogo, na vumbi likanisaidia kuwa na sababu. Nilipomaliza kushona, Mama alikwenda jikoni akarudi na bilauri nene ya Fundi Kirpal, imejaa, maji yakimdondokea mkononi. Akaiweka upande wa kushoto, akainama nayo kwa shida. Maji yalilala kidogo, unene wa uzi mmoja, kuelekea pale nyonga yake inapoegemea.

"Umepunja," alisema.

"Najua, Mama."

Kwa mafunzo yetu ilibidi anifungulishe kochi nianze upya. Alinitazama, akaitazama bilauri. Kisha akaichukua, akayanywa maji yote, na kukaa mahali pake.